Kiti cha Jilala

Huku Usukumani mtu anaweza kukunyima chakula ukamsamehe, lakini akikunyima salamu, jua ugomvi umeshaanza. Mwenye jembe begani atasimama, mwenye baiskeli atashuka, na hata anayeharisha atajibana kidogo akujibu. Asubuhi ni mwangaluka, jua likipinda ni mwadila. Baada ya hapo utaulizwa ng'ombe, mvua na watoto, na utajibu kwamba wote wazima hata kama wana homa. Kwa hiyo Masunga wa Kasoli alipokula kiapo kwamba hataitikia tena salamu ya mwanawe, watu walielewa kuwa amemzika akiwa hai.

Kosa la mwana huyo, Jilala, halikuwa dogo. Baba yake alipokwenda msibani Maswa, yeye aliwaswaga maksai wawili wa kulimia, Tajiri na Askari, akawauza mnadani, na kwa hela hiyo akaenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Mvua za kwanza zilikuwa zinanukia. Mwaka ule Masunga alilima pamba kwa jembe la mkono, mtu mzima na mvi zake, majirani wakimpita na plau zao wakijifanya hawamwoni. Simjui baba ambaye jambo hilo lisingemuuma. Ila hasira nayo ina kipimo, na ya Masunga ilikosa kipimo.

Maana kijana hakupotea. Alifika Durban, mji wa ufukweni katika jimbo la KwaZulu-Natal, akapata kazi ya kulinda magari ya watu wanaokuja kuogelea, na kila Jumapili alimpigia simu mama yake, Anyesi. Anyesi aliiweka simu kwa sauti kubwa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mwadila, mayu," Jilala alisema, na mama yake akaitikia. Kisha akasema, "Mwadila, baba."

Masunga alikuwa amekaa palepale, anachonga mpini wa jembe. Aliendelea kuchonga. Kijana alisubiri, na katika kusubiri kwake ulisikika upepo wa huko aliko. Mwishowe Anyesi alisema, "Baba yako katoka kidogo," na wote watatu walijua ni uongo.

Miaka ilikwenda hivyo, Jumapili kwa Jumapili. Kijana hakuacha kusalimu na mzee hakuacha kunyamaza. Katikati yao alikuwa mama, anayedanganya kwa ajili ya wote wawili.

Jilala alituma na picha. Katika moja alisimama kwenye mchanga mweupe, suruali kaikunja, nyuma yake maji yasiyo na ng'ambo. Katika nyingine alikuwa chini ya milima mirefu yenye vilele vya mawe. Kulikuwa na ya twiga nyuma ya uzio, ambayo ilimchekesha sana mama yake, maana yeye alizaliwa Nassa, karibu na Lamadi, ambako tembo huja wenyewe kula mahindi ya watu bila kiingilio. Na ilikuwapo ile aliyoipenda kuliko zote: Jilala kati ya wacheza ngoma wa Kizulu, amevaa ngozi, ameshika ngao, mguu mmoja juu. Wenzake walikuwa wameinua miguu hadi usawa wa kichwa, wake uliishia kiunoni. Kwenye ngoma za mavuno za Kasoli pia hakuwahi kucheza vizuri. Anyesi aliitazama picha hiyo kila alipochoka.

Kisha Jumapili moja simu iliita, na sauti ikawa ya mwanamke.

"Mwadila, mayu," mwanamke alisema kwa kujikwaa. Alijitambulisha kuwa Ntombifuthi, aliyekuwa akiishi na Jilala. Halafu Kiswahili chake kidogo kikamwishia, akalia. Anyesi alielewa kabla hajaambiwa.

Ilikuwa bahari. Jilala alijifunza kuogelea ziwani Nassa, kwa wajomba zake wavuvi, na ziwa lilikuwa limemdanganya kwamba maji yote ni mamoja. Walimpata kesho yake. Kumsafirisha hadi Bariadi kulihitaji fedha ambazo hakuna aliyekuwa nazo, wakamzika kwao Ntombifuthi, vilimani.

Anyesi alidhani basi, sasa hasira itakwisha. Masunga alisema, "Asiye na kaburi hapa hana matanga hapa." Akachukua jembe akaenda shambani.

Hilo lilimshinda Anyesi. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akahamia Bariadi mjini, akapanga chumba Somanda, si mbali na hospitali, akawa anauza dagaa wa Nassa kwa bakuli. Hakuna aliyekuja kulala matanga. Hakuna aliyewasha moto uani wala aliyemwambia pole, maana wengi hawakujua kama kuna msiba. Jirani yake Benedikta peke yake ndiye aliyekuja jioni na uji, akakaa naye kwenye mkeka bila kuuliza. Siku nyingine zote alilia mwenyewe, na kulia peke yako ni kama kujikuna mgongo: hufiki panapowasha.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu. Alitaka mwanawe aje nyumbani.

Kwa hiyo Ntombifuthi alipopiga tena baada ya miezi, akamweleza kwa shida kwamba wazee wa kwao wana njia ya kumrudisha, Anyesi hakuuliza gharama. Wazee walisema Jilala ni mgeni katika makaburi yao. Hakuwahi kumaliza ng'ombe wa mahari, kwa hiyo hawakuweza kumwita wa kwao, na wao si watu wa kuzuia cha wenyewe. Roho yake imesimama palepale ufukweni alipofia, haijui pa kwenda. Aje mtu wa damu yake amchukue. Anyesi aliona hoja hiyo imenyooka. Ng'ombe hawajatoka, mtu ni wa kwao. Hata Kasoli wangesema hivyohivyo.

Alisafiri na Siwema, mwenye duka la nguo na viatu mjini, ambaye hufuata mzigo Johannesburg mara kwa mara na anazijua njia na maofisa wake. Siwema alibaki Johannesburg na biashara zake, akampakia mwenzake kwenye basi la Durban, akamwambia, "Ukifika usishangae-shangae, shika pochi." Ndiyo nasaha pekee aliyoondoka nayo.

Ntombifuthi alimpokea stendi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, macho mekundu. Alipiga magoti palepale kwenye sakafu, mbele za watu, akasema, "Mwadila, mayu." Ilikuwa asubuhi. Jilala alikuwa amemfundisha salamu moja tu, ile ya kwenye simu. Anyesi aliitikia mwadila na jua halijapanda, akamwinua, wakashikana.

Siku zilizofuata alitembea ndani ya picha za mwanawe. Walikwenda vilimani, kwao Ntombifuthi, na milima ilikuwa ileile, yenye vilele vya mawe, ila mtu wa mbele hakuwapo. Njiani walipita kwenye hifadhi yenye uzio, na twiga mmoja, huenda ni yuleyule, aliwatazama huku akitafuna. Nyumbani palikuwa na zizi, na harufu ya samadi ilimpiga Anyesi hata akasimama. Wanawake walimletea chakula kwa magoti, kama kwao. Ng'ombe wao walimwita inkomo, mtu wakamwita umuntu, na kila neno lililofanana lilimfurahisha kidogo, kisha likamuumiza, kwa sababu aliyetakiwa kufasiri yaliyobaki alikuwa chini ya udongo nyuma ya zizi. Jioni vijana walicheza ngoma kumheshimu mgeni. Miguu ilipanda hadi vichwani. Anyesi alikuwa anautafuta mguu mmoja unaoishia kiunoni.

Usiseme alikosa kutunzwa. Walimtunza sana. Lakini mgeni hata akipewa kiti kizuri, bado anakaa ukingoni.

Siku ya kuondoka, mjomba wake Ntombifuthi, waliyemwita Malume, aliwapeleka Durban ufukweni. Alibeba tawi la mti wa miiba unaofanana na mkunazi pori, ambao wao huuita umlahlankosi. Kila penye jani pana miiba miwili: mmoja umenyooka na mwingine umepinda nyuma. Malume alieleza, Ntombifuthi akafasiri kwa maneno aliyoyaokota kwa Jilala.

"Mayu, wewe shika tawi, yeye kuja juu ya tawi. Kiti chake, kulipa. Kila gari, kiti chake. Wewe sema na yeye. Sasa panda, sasa shuka, sasa mto. Yeye peke yake. Mtu mwingine, hapana. Ukisema na mtu, yeye kufikiri umemwacha. Yeye kubaki hapo."

"Hata salamu?" Anyesi aliuliza.

Ntombifuthi alimuuliza mjomba wake. Malume alitikisa kichwa.

"Hata salamu. Mpaka mlango wa nyumbani."

Ilikuwa asubuhi ya kazi. Watu walikimbia ufukweni kwa mazoezi, wenye mbao za kupanda mawimbi walipita wakicheka. Hakuna aliyemtazama mama aliyevua viatu akaingia majini hadi kwenye vifundo. Bahari ilivuta mchanga chini ya nyayo zake. Aliiburuta ncha ya tawi juu ya maji, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kumwita mtoto anayecheza mbali: "Jilala, mwana wa Masunga! Ni mimi, mama yako. Inuka, twende nyumbani."

Alisubiri kusikia uzito. Tawi lilikuwa jepesi vilevile. Alilifunika kwa kitenge, akalikumbatia, akatoka majini bila kumuaga Malume, kwa kuwa kuaga nako ni kusema. Ntombifuthi aliwasindikiza hadi Johannesburg akilia njia nzima, na Anyesi hakuweza kumwambia hata nyamaza.

Huko Siwema alipopewa maelezo na Ntombifuthi, alishika kiuno. "Mimi dini yangu hainiruhusu kuzungumza na mti," alisema. "Lakini abiria ni abiria. Kiti nitamkatia." Akakata tiketi tatu, na kila aliyetaka kukaa pale penye tawi alikutana na mdomo wake, na mdomo wa Siwema si wa kukutana nao. Mpakani ofisa alimuuliza Anyesi jina akakosa jibu. "Ana kidonda cha koo," Siwema alisema. Na hilo tawi? "Dawa ya koo hilohilo." Ofisa aliangalia miiba, akamhurumia mgonjwa, akagonga muhuri.

Anyesi alikuwa na mtu mmoja tu wa kusema naye. "Jilala, huu ni mto mkubwa, tunavuka. Jilala, tunashuka kula, njoo. Jilala, hapa ni Tunduma, sasa umefika Tanzania, sikiliza watu wanavyosema." Mwanzoni aliona haya. Kisha akajikuta anamweleza mengine, bei ya dagaa, chumba cha Somanda kinavyovuja, mambo ambayo kwenye simu hakuwa anayasema ili asimtie mtoto wasiwasi. Hakujibiwa. Mara nyingine alilala shavu likiwa juu ya kitenge, akaamka na alama za miiba.

Shinyanga Siwema alibaki kusubiri mzigo. Aliwakatia wenzake wawili viti vya basi la Bariadi, akamwelekeza konda kwa ukali, akamshika Anyesi bega. "Umebakiza kipande tu. Piga moyo konde."

Kipande kile ndicho kilichokuwa kigumu kuliko Zambia yote, kwa kuwa sasa walipanda wanaomjua. Maswa alipanda Benedikta, yule wa uji, anatoka kumwona mama yake. Alimwona Anyesi, uso ukamjaa furaha.

"Mwangaluka, dada Anyesi! Umerudi? Habari za safari? Wa huko wazima?"

Anyesi alimtazama. Alitamani amwelewe kwa macho, lakini macho hayajui kusema mambo marefu hivyo. Benedikta alirudia salamu. Kisha aliona kiti kitupu chenye tawi lililofunikwa, akaelekea kuketi, Anyesi akanyoosha mkono kumzuia.

"Haya," Benedikta alisema polepole. "Wenye safari zao." Akaenda kusimama nyuma na mizigo, na hakugeuza uso tena hadi Bariadi.

"Jilala," Anyesi alinong'ona, "yule ndiye aliyeniletea uji kwa ajili yako." Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke.

Stendi ya Bariadi ilikuwa na jua kali na honi za bodaboda. Anyesi alishuka kinyumenyume, tawi kifuani, akisema, "Shuka taratibu, tumefika Bariadi." Alipogeuka alimkuta Masunga.

Habari za mtu kurudi hufika Kasoli kabla ya mtu mwenyewe, kwa hiyo si ajabu kwamba alijua. Ajabu ni kwamba alikuja. Alikuwa amevaa koti lake la misibani, la kijivu, na ameshika baiskeli. Alikuwa amekonda. Tangu Anyesi aondoke Kasoli hawakuwa wameonana. Desturi ilikuwa mke apige goti asalimu kwanza, lakini mzee yule alivua kofia, na mbele ya wapiga debe na mama ntilie akaanza yeye.

"Mwadila, Anyesi."

Anyesi alilikumbatia tawi.

"Mwadila," Masunga alirudia, kwa sauti ya juu kidogo, labda hakusikika. "Nimekuja na baiskeli nikubebee mzigo." Alitazama chini. "Nimeshindwa kukaa kule. Nikila, nasikia ile simu. Nimekuja nikuombe turudi tuweke matanga, hata bila kaburi. Niliyoyasema yalikuwa ya mtu mjinga."

Haya ndiyo maneno ambayo Anyesi alikuwa ameyasubiri miaka yote, na yalikuja saa ambayo asingeweza kuyajibu. Kijana wake alikuwa mikononi mwake, kipande kifupi tu kutoka nyumbani Kasoli. Akimjibu baba, atamwacha mwana hapo stendi, katikati ya matope na maganda ya miwa. Asipomjibu, anamjua Masunga: hatakuja mara ya pili.

Watu walianza kutazama. Benedikta naye alikuwa amesimama kando na mzigo wake, akiona kwamba hakunyimwa salamu peke yake.

"Hata salamu, Anyesi?" Masunga aliuliza. Alisubiri. Kisha alivaa kofia yake. "Basi. Nimestahili." Akaigeuza baiskeli.

Hapo ndipo Anyesi alipokumbuka kwamba yupo mmoja anayeruhusiwa kusema naye. Alikifunua kitenge. Majani yalikuwa yamekauka na mengi yalikuwa yamepukutika njiani.

"Jilala," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Baba yako amekuja kukupokea. Huyu hapa mbele yako, na koti lake la kijivu. Mimi siruhusiwi kumjibu hadi nikufikishe mlangoni. Lakini yupo, mwanangu. Leo hajatoka."

Masunga alisimama. Alilitazama tawi, kisha uso wa mkewe, kisha tawi tena, na kwa kuwa alikuwa Msukuma mwenye makaburi ya babu zake uani hakuhitaji kufasiriwa. Baiskeli ilimponyoka ikaanguka. Hakuiokota. Alisogea hadi karibu, akavua kofia mara ya pili.

"Mwadila, Jilala," alisema.

Wapiga debe waliacha kuita abiria. Upepo ulipita kwenye majani machache yaliyobaki, na Anyesi aliusikia ulivyokuwa sawa na ule wa kwenye simu. Mara hii hakukuwa na uongo wa kumsaidia mtu. Asingeweza kusema, "Mwanao katoka kidogo." Alilinyanyua tawi liwe usawa wa uso wa mzee, akalishika imara kwa mikono miwili.

"Mwadila, mwanangu," Masunga alirudia, na akabaki amesimama juani, kofia mkononi, akisubiri kuitikiwa.